Shimo la Pili

Watu wa Iringa hawatishwi na baridi. Mwezi wa saba ukifika, mgeni anavaa makoti mawili na bado meno yanagongana, mwenyeji anamtazama tu na kumuuliza, "Hii nayo unaiita baridi?" Kwa hiyo siku ilipotangazwa redioni kwamba mahali penye baridi kuliko pote barani ni ndani ya kijisanduku cha kioo, kwenye ghala la zamani la pareto pale mjini, sokoni hakuna aliyeshtuka. Mama mmoja muuza viazi alisema, "Tulijua," akaendelea kupanga mafungu yake.

Dokta Vaileth Kihwele, aliyeitengeneza baridi hiyo, alicheka aliposikia habari za mama wa viazi, kisha akaona fahari. Na asubuhi hii, kijisanduku chake kikiwa kimefungwa juu ya mkokoteni katikati ya kilima cha Mgongolwa, na turubai la kukinga upepo likipigapiga kando, aliona fahari tena. Kwa nini asione? Kibao kilichokuwa ndani kilichorwa ghalani kwao. Nyaya za dhahabu zilizokuwa juu ya kibao alizilainisha mwenyewe, miaka nenda miaka rudi, huku wenzake wa masomoni wakienda ng'ambo na kumpigia simu za kumhurumia. Leo angewapigia yeye.

Maana leo ilikuwa siku ya cheti. Tangu mito ya nyanda za juu ianze kukauka, sheria ilikataza kuchimba kisima kwa kubahatisha. Kila mahali palitakiwa paonwe kwanza na jicho la mvuto, mashine inayohisi uzito wa ardhi na kusema chini kuna mwamba, maji au uwazi. Macho yote yenye cheti yalikuwa ya kukodi kutoka mbali, na yalikuja yalipopenda yenyewe. Vijiji vilikaa vikisubiri, ndoo zikipauka juani. Jicho la Vaileth lingekuwa la kwanza lililozaliwa hapa. Likifaulu, kila wilaya ingepata lake. Likifeli, kanuni ilisema lisirudi kupimwa mpaka miaka mitano ipite.

"Mhehe!" Sauti ilitoka nyuma ya turubai. "Nimepita kwa jirani yako nikaona mbwa wake yuko hai. Nikasema, leo mtani wangu kaja kazini na njaa."

"Nimejizuia kwa ajili yako, Mngoni. Nilisikia kwenu panya wamekwisha, nikasema usije ukakosa mboga."

Huyo alikuwa Dokta Alkuin Mbano wa Songea, bingwa wa leza, nusu ya maabara na robo tatu ya kelele zake. Wangoni na Wahehe walipigana zamani mpaka wakachoka, na walipochoka wakawa watani, na utani ni mkataba mzito kuliko wanavyodhani wanaoucheka. Mtani anaweza kukutukana mbele ya wakwe zako, kuondoka na kuku wako bila kuomba, na siku ukifa yeye ndiye anayeushika mwili wako, kwa sababu ndugu zako wanalia na mikono inatetemeka. Vaileth na Alkuin walikuwa wamefanya kazi pamoja tangu nywele zao zikiwa nyeusi, na hawajawahi kuanza siku kwa kuamkiana kama watu wa kawaida.

"Mnapomaliza kutukanana, mtaniambia," alisema Mhandisi Nasimiyu Wekesa.

Nasimiyu alikuwa mkaguzi mkuu wa Ofisi ya Vipimo ya Kanda, mwanamke mrefu wa kutoka Bungoma, mwenye buti za mpira na sauti isiyopanda wala kushuka. Alikuja na chupa yake ya chai. Inajulikana kanda nzima kwamba Nasimiyu hanywi chai ya mtu anayemkagua. Nyuma yake walisimama vibarua wenye majembe na sululu.

"Dokta, kanuni unazijua, lakini nazisema tena," alisema. "Watu wangu wamezika tangi tupu mahali fulani kwenye kilima hiki na kurudishia nyasi. Jicho lako litafute. Kila litakaposema pana uwazi, tunafukua. Tukikuta uwazi, limesema kweli. Tukikuta udongo mtupu, limesema uongo, na jicho lenye uongo hata mmoja halipati cheti. Tumeelewana?"

"Tumeelewana, Mhandisi."

"Basi endelea."

Vaileth alivaa visikizi masikioni. "Ingiza mwali," alisema.

Jina hilo lilitoka kwa Alkuin. Ndani ya kijisanduku hapakuwa na hewa kabisa, ila mvuke kidogo wa metali iitwayo rubidi. Leza za Alkuin zilizipiga atomi za mvuke huo kutoka kila upande, zikazipunguza mbio. Kisha umeme ulipita kwenye nyaya za kibao, nyembamba kuliko unywele, ukafanya ua wa sumaku usioonekana, na atomi zikaning'inia humo chini ya kibao bila kugusa kitu. Halafu mawimbi ya redio yakazichomoa zile zenye joto, moja moja, kama mvuke unavyoiacha chai ikapoa. Zilizobaki zilipoa mpaka zikaacha kuwa nyingi. Zikawa kitu kimoja, wingu moja dogo lenye mwendo mmoja. "Kafungiwa ndani," Alkuin alisema siku ya kwanza walipofaulu, huku akifuta machozi kwa mkono wa koti, "haguswi, haonwi na jua, na siku akitolewa lazima acheze. Huyo si mwali ni nani?"

Na kweli alicheza. Vaileth alimgawa mwali nusu mbili, akaziacha zishuke kila moja kwa njia yake, kisha akazikutanisha. Kwenye skrini ikatokea mistari, mweusi, mweupe, mweusi. Ardhi nzito ikivuta, mistari inasogea kushoto. Ardhi yenye uwazi ikilegeza, inasogea kulia. Ni hivyo tu, na hilo "tu" lilikula ujana wa watu wawili.

Walisukuma mkokoteni mstari kwa mstari. Kilima cha Mgongolwa kilikuwa nyasi tupu. Hakijawahi kulimwa, ingawa udongo wake mzuri, na ukiwauliza wenyeji sababu wanakwambia, "Ndivyo tulivyokikuta." Karibu na mti wa mpingo mistari ilikimbia kulia kwa nguvu. Vaileth akataja kina na upana. Vibarua wakachimba, na sululu ya kwanza kugonga ikalia ngwee juu ya bati.

"Ehee!" Vibarua wenyewe walipiga makofi, ingawa hawakuruhusiwa. Nasimiyu alishuka na futi yake ya chuma, akapima, akapanda.

"Umekosea kwa upana wa kidole," alisema.

"Kidole cha nani?" Alkuin aliuliza. "Vidole vinatofautiana."

"Kwa chako wewe, ningesema umekosea kwa upana wa mkono. Endeleeni. Mmebakiza upande wa mashariki."

Vaileth alikuwa anacheka bado walipofika karibu na kilele, upande unaoelekea jua linakochomoza. Ndipo mistari ikasogea kulia. Si kwa nguvu kama pale kwenye tangi. Ilisogea polepole, kwa heshima, ungesema mtu anakupisha mlangoni. Akarudia. Ikasogea tena. Akamtoa mwali, akatengeneza mpya, akapima mara ya tatu. Uwazi. Si mkubwa, umesimama wima, na kando yake kuna mzunguko wa kitu kizito kama mawe yaliyopangwa.

Kicheko kilimkauka mdomoni.

"Dokta," alisema Nasimiyu, akiangalia skrini juu ya bega lake. "Sisi tulizika tangi moja."

"Najua."

"Basi tufukue tuone. Lakini hawa watu wangu hawajala. Wakishakula, wataanza hapa." Alichomeka kijiti chenye kitambaa chekundu kwenye nyasi, akaondoka na chupa yake ya chai.

*

Alkuin alimkuta Vaileth nyuma ya turubai, amekaa kwenye kreti, mikono imeshikana.

"Una nini? Uwazi upo. Mwali hajadanganya. Wachimbe waone, tuchukue cheti twende zetu."

"Alkuin," alisema Vaileth. Hakumwita Mngoni, na hilo peke yake lilimfanya Alkuin akae chini. "Ukoo wetu hauna kaburi la mwanzo. Unajua hilo?"

"Nasikia."

"Marehemu baba alikuwa akituonyesha makaburi ya ukoo pale nyumbani. Anaanza na babu yake. Tukimuuliza, na baba wa babu? Mtwa mwenyewe, mtawala aliyetuleta huku? Anasema huyo walimzika watani. Enzi ya vita vya Wajerumani, wakati vichwa vya watu vilikuwa vinasakwa hata baada ya kufa. Watani wakasema nyinyi wenyewe msijue. Mtachapwa viboko, mtatobolewa macho, na asichokijua mtu hawezi kukitapika. Wakamchukua usiku, wakarudi bila yeye. Mpaka leo hatujui yuko wapi. Na wazee wa zamani walikuwa wanazikwa wamekaa, Alkuin. Wamekaa kwenye duara la mawe, wanaangalia mashariki."

Alkuin alianza kujisugua kisogo, kama alivyokuwa akifanya leza ikikataa kunyooka.

"Nikikwambia kitu utacheka?"

"Jaribu."

"Mimi kilima hiki nakijua. Nilipokuwa mtoto, kila baada ya mavuno wajomba zangu walikuwa wanatubeba kutoka Songea kuja huku kuiba kuku wenu."

"Kila mwaka! Bibi yangu alikuwa anawafungia jikoni mkikaribia."

"Hakuwahi kufaulu. Basi, tukishaiba, hatukurudi kwa barabara. Tulipanda hapa. Kuku wako kwapani, wanalia, sisi tunapanda mlima. Nikawa najiuliza, hawa wajomba wana akili kweli, njia si ile kule chini? Tukifika karibu na kilele kila mtu anaokota jiwe dogo, analiweka, tunashuka. Nikiuliza, nakatwa kofi. 'Fuata, acha maneno.'" Aliutoa mkono kisogoni. "Vaileth, hatukuwa tunakuja kuiba kuku."

Vaileth alifunika uso kwa viganja. Alilia kidogo, na machozi yalikuwa ya furaha na ya hofu kwa pamoja, hata yeye asingeweza kuyatenganisha. Maisha yake yote aliona haya kidogo kwamba ukoo wake hauna chimbuko la kulionyesha kidole. Kumbe chimbuko lipo, limetunzwa, limewekewa mawe kila mwaka na wezi wa kuku. Na mashine yake, mtoto wa mikono yake, ndiyo iliyokwenda moja kwa moja ikasimama juu yake. Na sasa, kwa sababu hiyo hiyo, watu walikuwa wanamaliza ugali wao wapande na majembe.

"Nitamwambia Mhandisi kwamba jicho limekosea," alisema.

"Utasema nini?"

"Nitasema umeme uliyumba. Shimo hakuna. Wasichimbe."

"Na cheti?"

"Hakitapatikana."

Alkuin alisimama. Alikuwa amekasirika, na Alkuin akikasirika anakuwa hana utani hata chembe. "Unajua vijiji vingapi vinasubiri jicho hili? Unataka kumsingizia mwali uongo mbele ya watu, na mwali amesema kweli? Huyo ni mwanao. Huwezi kumtolea ushahidi wa uongo."

"Na yule ni babu yangu! Alifichwa ili mtu yeyote asimfukue, halafu mimi, mjukuu wake, nimlete mfukuaji kwa mashine yangu mwenyewe? Sheria niliisaini mimi. Nikisema shimo lipo, wanafukua. Hakuna njia ya tatu, Alkuin. Ningekuwa naiona ningekwambia."

Alkuin aliondoka bila kuaga.

*

Vibarua walipopanda, Vaileth alikuwa anawasubiri penye kijiti chenye kitambaa chekundu. Alikuwa amejifuta uso na kufunga kitenge chake vizuri. Kama ni kusema uongo, alitaka auseme amesimama wima.

"Mhandisi," alianza, "kuhusu shimo hili la pili. Naomba iandikwe kwamba jicho lime—"

Hakumaliza. Dokta Alkuin Mbano, mwenye shahada tatu na koti jeupe lililopigwa pasi kwa ajili ya wageni, alipita katikati yao, akavua viatu, akalala chali kwenye nyasi penye kijiti. Akanyoosha miguu. Akakunja mikono kifuani.

Kibarua mmoja aliangua kicheko. Mwingine, mtu wa huko huko, akateremsha jembe lake na kuvua kofia. Huyo alielewa.

"Dokta Mbano," alisema Nasimiyu. "Inuka."

"Siinuki. Hapa amelala mtani wangu. Sisi ndio tuliomzika na sisi ndio wenye ufunguo. Anayetaka kuchimba anilipe kwanza, na bei yangu haimo mfukoni mwa mtu yeyote hapa."

Vaileth alitaka kucheka, akataka kulia, akabaki ameshika mdomo. Kwenye misiba aliwahi kuona watani wakijilaza kaburini kuzuia maziko mpaka wafiwa watoe chochote. Hakuwahi kuona mtani akijilaza kuzuia kaburi lisifunguliwe.

Nasimiyu alichuchumaa kando ya Alkuin. "Ni kaburi?"

"Ni kaburi."

"Dokta Kihwele, ndicho ulichotaka kunificha?"

"Ndicho," alisema Vaileth. Aibu ilimchoma masikio. "Nilitaka kusema jicho limekosea. Halikukosea. Ni mimi nilikuwa nakosea."

Upepo ulipeperusha kitambaa chekundu karibu na sikio la Alkuin. "Kwetu pia wapo watu wanaoruhusiwa kucheka matangani," alisema Nasimiyu. "Baba yangu alipokufa walivaa kofia yake, wakaigiza anavyotembea, na mama yangu akacheka kwa mara ya kwanza baada ya wiki nzima. Kwa hiyo nakuelewa, Dokta Mbano. Lakini cheti hakitolewi kwa kicheko. Nitajuaje jicho limesema kweli kama sijaona kilichomo?"

"Muulize aliyekiweka," alisema Alkuin, bado amelala. "Kwetu kuna siri ya ukoo, kila kizazi anaambiwa mtu mmoja, na leo ndiyo nimejua ni ya nini. Mimi sikuambiwa, mdomo wangu unajulikana. Aliyeambiwa na bado yuko hai ni shangazi Rozalia. Akwambie wewe peke yako kilichomo. Halafu jicho liseme. Vikilingana, si ushahidi huo?"

Nasimiyu alifikiri. "Wewe hujui kilichomo?"

"Naapa kwa panya wote wa Songea."

"Mpigie."

Shangazi Rozalia alipokea kwa sauti ya mtu anayefukuza kuku kwenye mahindi. Alkuin akamwamkia shikamoo, akaeleza.

"Huyo mkaguzi," shangazi aliuliza, "ni Mjerumani?"

"Hapana, shangazi. Mkenya. Wa Bungoma."

"Wajerumani wameondoka siku nyingi, lakini wenye majembe hawajaisha. Atanyamaza?"

Nasimiyu alichukua simu. "Mama, nimekuwa mkaguzi maisha yangu yote. Ninayoyajua yangetosha kuangusha serikali mbili. Nitanyamaza."

"Haya, sogea mbali na hao watu, nikwambie."

Nasimiyu aliteremka mpaka penye tangi, akasikiliza akiwa amewapa mgongo. Aliporudi uso wake ulikuwa uleule. "Ameniambia mambo matatu," alisema. "Sasa, Dokta Kihwele, jicho lako liniambie."

Ndipo Vaileth alipokataa, na Alkuin karibu aruke kutoka chini.

"Kuona ni kufukua," alisema Vaileth. "Jembe langu halina mpini, lakini ni jembe. Wazee wale walimficha hata wenyewe wasijue, na mimi ni mwenyewe. Nikiangalia skrini, nimevunja walichokifanya. Na nikishaangalia mimi, kesho ataangalia mwingine kaburi la mwingine, na kesho kutwa watu watapita na macho haya makaburini wakitafuta cha kuiba. Nimetengeneza kitu cha kutafutia maji. Sikutengeneza cha kuwavulia nguo marehemu."

"Basi nani aangalie?" aliuliza Nasimiyu. Kwa mara ya kwanza sauti yake ilipanda kidogo. "Jicho lisiloangaliwa na mtu halina kazi."

Vaileth alimtazama mtani wake pale chini, soksi zake zikiwa na tundu kwenye kidole gumba. Akaona alichopaswa kukiona tangu mwanzo, na fahari ikamrudia mwilini yote kwa mkupuo.

"Aangalie anayeruhusiwa kumshika," alisema. "Mngoni, inuka. Kuna kazi."

*

Kuona uwazi ni kitu kimoja, kuona kilichomo ndani ya uwazi ni kingine. Mwali alitakiwa apoe kuliko alivyowahi kupoa, na agawanywe akae amegawanyika kwa muda mrefu, muda ambao wenzao wa ng'ambo walishasema hauwezekani nje ya maabara. Baridi ikifika kiasi hicho kila kinundu kwenye waya kinamkata mwali vipande vipande. Nyaya zikiwa na mkwaruzo wowote, yote yataonekana hapo.

Vaileth aligeuza skrini iangalie upande wa Alkuin, akakaa upande wa pili wa mkokoteni. Angefanya kazi kwa sikio. Visikizi vilimpa mlio wa umeme wa kibao, na mlio huo aliujua kuliko sauti yake mwenyewe. Nasimiyu alisimama kando, mikono nyuma.

"Mwali yuko ndani," alisema Alkuin. Hakuwa na mzaha.

Vaileth alianza kupoza. Alilegeza ua wa sumaku kwa kidole kimoja, akachomoa atomi za joto kwa kingine, akisikiliza mlio ukishuka, ukishuka, ukawa mwembamba kama sauti ya mbu chumba cha pili. Akainua macho kidogo kupumzisha shingo, na hapo akaona. Kwenye kioo cha kijisanduku skrini ya Alkuin ilikuwa inaakisiwa. Mistari ilikuwa inaanza kujipanga palepale mbele yake. Sekunde mbili zaidi angeisoma, kwa sababu hakuna mtu duniani aliyeisoma mistari ile upesi kama yeye.

Alitaka kuangalia. Tusimpambe. Alitaka kwa moyo wote, alitaka kama mtoto anavyotaka kumwona baba yake aliyekufa yeye angali mchanga. Nani angejua?

Alifungua kitenge kiunoni, akabaki na sketi yake ya kazi katika baridi ile ya mwezi wa saba, akakifunika kijisanduku chote gubigubi. Mwali akawa amefunikwa, kama mwali anavyotakiwa. Kisha Vaileth alifumba macho na kurudisha vidole kazini.

"Gawa," alisema Alkuin.

Akagawa. Mlio ukagawanyika mara mbili masikioni mwake, na nusu zote mbili zilikuwa safi. Hakuna mkwaruzo. Alisubiri mkwaruzo na haukuja. Nyaya zile, alizozilainisha yeye na watu wake ndani ya ghala lililonuka pareto, zilikuwa laini kuliko walivyothubutu kuomba. Alishikilia, akashikilia, mpaka pajani misuli ikaanza kumcheza.

"Kutanisha."

Akakutanisha. Alisikia Alkuin akivuta pumzi na kutoitoa. Alisikia nyasi zikikanyagwa, hatua za watu wawili zikienda mbali. Alibaki na macho yamefumbwa mpaka mlio ulipozimika wenyewe, kisha akazima skrini kwa kuipapasa, bila kuigeukia.

Alipofumbua macho, Nasimiyu na Alkuin walikuwa mbali chini, penye mpingo, wamewapa watu migongo. Alkuin alikuwa anaeleza kwa mikono. Nasimiyu alisikiliza, akainamisha kichwa mara moja. Akakiinamisha tena. Akakiinamisha mara ya tatu, na safari hii hakukiinua haraka.

Alirudi peke yake. Alipofika penye turubai aliiweka chupa yake ya chai chini.

"Dokta Kihwele, mna chai hapa?"

Vaileth hakuelewa mara moja. Kibarua yule mwenyeji alielewa, akapiga kigelegele cha kiume kibaya sana. Kisha wote wakapiga, na Vaileth akamimina chai ya tangawizi kwa haraka, akaimwaga nusu chini. Nasimiyu akanywa. Akainywa yote.

"Mambo matatu aliyosema yule mama, na mambo matatu liliyosema jicho," alisema. "Ni yaleyale. Cheti chako nitakisaini mimi mwenyewe, na nitakisaini kwa herufi kubwa. Ila nieleze, hapa kwenye ramani niandikeje?"

"Andika, pana wenyewe."

"Basi?"

"Basi. Na uandike sharti. Kila jicho litakalotoka ghalani kwetu, likikuta kaburi, linafunikwa, na wanaitwa kwanza wanaohusika. Asiyekubali sharti hilo asichukue jicho langu. Akakodi la ng'ambo."

"Umeanza kuringa, Dokta."

"Nimeanza leo, Mhandisi. Sitaacha."

Vibarua walishuka na majembe yao yasiyochafuka. Alkuin alikuwa bado yuko kule juu. Vaileth alimwona ameinama penye kijiti chenye kitambaa chekundu, akikichomoa, kisha akiokota kitu kidogo kwenye nyasi na kukiweka mahali pake. Aliposhuka alikuwa amebeba viatu na soksi mkononi, anatembea pekupeku kwenye nyasi za baridi, mtu ambaye huvaa soksi mbili mbili kuanzia mwezi wa tano.

Vaileth alimsubiri aseme la mbwa, au la kuku. Alishaandaa jibu la panya.

Alkuin alisimama mbele yake. Macho yalikuwa mekundu. Aliinama kidogo, mikono miwili ikiwa imeshikana mbele kama mtu anayeingia kwenye ua wa mtwa, na kwa mara ya kwanza tangu wajuane alimwamkia kwa salamu ya kwao Vaileth, bila mzaha ndani yake.

"Kamwene," alisema.

Vaileth hakumuuliza alichokiona. Alinyoosha mgongo.

"Kamwene, mtani."